Simu mpya sokoni: Kununua au kubaki na ya zamani?

KILA mwaka unapoanza, soko la simu za mkononi hupata msukosuko wake. Samsung ya Korea Kusini hutoa toleo jipya la simu zake za Galaxy S, na kabla shehena ya kwanza haijafika, wenye maduka ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na wale wa Luthuli Avenue, Nairobi, huwa tayari wanapanga upya bei za toleo lililotangulia. Septemba hali hujirudia kwa iPhone za Apple.

Mlaji anayeumia kichwa zaidi katika msimu huo si yule asiye na simu. Ni yule mwenye simu nzuri ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, ambaye fedha zake zinatosha kununua mpya lakini zingeweza pia kununua marobota mawili ya mitumba au kulipa pango la duka.

Mfano wa kujifunzia ni Galaxy S24. Ilizinduliwa San Jose, California, Januari 17, 2024, na ikaanza kuuzwa Januari 31. Bei yake ya Marekani ilikuwa dola 799 kwa ile ndogo, 999 kwa S24+ na 1,299 kwa S24 Ultra. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya wakati ule, ile ndogo ilikaribia sh. milioni 2 za Tanzania kabla ya kodi, usafiri na faida ya muuzaji.

Aliyekuwa na S23, iliyotoka Februari 2023 kwa bei ile ile ya dola 799, alipata nini cha ziada? Kioo kilitoka inchi 6.1 hadi 6.2 na kuongezewa mwanga, jambo linalosaidia kusoma ujumbe juani. Betri ilipanda kutoka mAh 3,900 hadi 4,000, ongezeko ambalo mtumiaji wa kawaida hawezi kulihisi. Kamera tatu za nyuma zilibaki na megapikseli zile zile: 50, 12 na 10. Kichakato kilikuwa kipya na chenye kasi zaidi, lakini mtu anayetumia WhatsApp, benki ya simu na ramani hakuwa amelalamikia kasi ya kile cha zamani.

Kilichotangazwa kwa sauti kubwa ni Galaxy AI, yaani mkusanyiko wa kazi za akili mnemba. Simu iliweza kutafsiri maongezi wakati watu wanaongea, kufupisha maandishi, na kufuta kitu kisichotakiwa katika picha. Wengi waliona hapo ndipo thamani ya fedha zao ilipo. Mambo mawili hayakutiliwa maanani dukani.

La kwanza, tafsiri ya maongezi ilianza na lugha 13, na Kiswahili hakikuwamo. Mfanyabiashara anayeagiza mali Guangzhou angeweza kutafsiriwa Kichina kwenda Kiingereza, ila kwa mazungumzo yake na mteja wa Tandika kazi hiyo haikumhusu.

La pili ndilo zito. Mwishoni mwa Machi 2024, miezi miwili tu baada ya simu mpya kuingia sokoni, Samsung ilianza kupeleka karibu kazi zote hizo katika S23 kwa njia ya programu, bila malipo. Aliyebadilisha simu Februari kwa ajili ya Galaxy AI peke yake alilipa fedha nyingi kwa kitu ambacho simu yake ya zamani ingekipata kabla masika hayajakolea.

Hali haikubadilika sana Januari 2025 ilipotoka S25. Bei ya Marekani ilikuwa dola 799 tena, betri mAh 4,000 tena, na kamera za nyuma zilikuwa na megapikseli zile zile kwa mwaka wa nne mfululizo. Ilipata kichakato cha kasi zaidi na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya GB 12 badala ya 8. Kwa mwenye S24, tofauti hiyo ni ndogo mno kulipiwa.

Uhai wa programu

Hata hivyo, S24 ilileta badiliko moja ambalo halionekani kwa macho na ambalo mawinga, wale madalali wanaovuta wateja Kariakoo, hawakulitaja. Samsung iliahidi miaka saba ya programu endeshi mpya na marekebisho ya usalama. S23 iliahidiwa matoleo manne ya programu endeshi na miaka mitano ya usalama. Kwa hesabu hiyo, S23 inahudumiwa hadi mwanzoni mwa 2028 na S24 hadi mwanzoni mwa 2031. Kwa S21 ya Januari 2021, miaka mitano inahesabika hadi mwanzoni mwa 2026.

Marekebisho ya usalama ni viraka vinavyoziba matundu ambayo wezi wa mtandao huyagundua katika programu. Simu isiyopata viraka huendelea kuwaka na kupiga picha kama kawaida, na ndiyo maana wengi huidharau hatari hiyo. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo yenye salio la M-Pesa, ndiyo inayopokea namba za siri za benki, na ndiyo yenye orodha ya wadeni wa duka. Baada ya muda programu zenyewe nazo huanza kuikataa: Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika iPhone 5s, 6 na 6 Plus.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosea ni kwamba miaka hiyo huhesabiwa tangu toleo lilipotoka, si tangu siku mteja alipolipa. Anayenunua S23 mpya kabisa, ikiwa ndani ya boksi lake, Januari 2026, amenunua miaka miwili ya usalama, si mitano. Punguzo la bei alilopewa linapaswa kupimwa kwa miaka hiyo miwili.

Hesabu ya mwezi

Njia rahisi ya kulinganisha ni kugawa bei kwa miezi iliyobaki ya huduma. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kuwa simu mpya inauzwa sh. 2,100,000 na ina miezi 84 mbele yake, na ya toleo lililopita inauzwa sh. 1,200,000 ikiwa na miezi 48. Zote mbili zinagharimu sh. 25,000 kwa mwezi. Kwa mizani hiyo hakuna iliyo rahisi kuliko nyingine.

Ila ni wangapi wanaokaa na simu moja miaka saba? Wenye mazoea ya kubadilisha kila baada ya miaka mitatu wana hesabu tofauti. Ikiwa mpya itauzwa kwa sh. 700,000 baada ya miezi 36, mwenyewe atakuwa ametumia sh. 1,400,000, karibu sh. 39,000 kwa mwezi. Ile ya zamani ikiuzwa kwa sh. 300,000, na katikati ikabadilishwa betri kwa sh. 100,000, gharama ni sh. 1,000,000, yaani chini kidogo ya sh. 28,000 kwa mwezi. Kila mmoja aweke bei halisi za mtaa wake, lakini mkondo hautageuka sana: miaka saba ya Samsung humfaa anayekusudia kuitumia yote, au atakayemuuzia mtu anayejua thamani ya miaka iliyobaki.

Kuna pia ile sh. 900,000 ya tofauti kati ya simu hizo mbili. Kwa mwajiriwa ni akiba. Kwa mwenye genge au duka la vitenge ni mtaji, na mtaji una kazi. Ukizungushwa na kuleta faida ya asilimia tano tu kwa mwezi, ni sh. 45,000, zaidi ya gharama nzima ya simu yenyewe. Anayenunua kwa mkopo hufunga hata mtaji ambao hajaupata bado, na mikopo mingi ya simu siku hizi huja na programu inayoifunga simu malipo yakichelewa. Simu ikifungwa siku ya soko, wateja hawapatikani na malipo hayapokelewi.

Betri ndiyo mshindani

Malalamiko yanayowapeleka watu wengi dukani ni mawili: simu imekuwa nzito, na chaji haikai. Yote mawili mara nyingi yana chanzo kimoja.

Betri za lithiamu huchoka kwa kutumika. Apple imeeleza kuwa betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimetengenezwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya kuchaji. Kwa iPhone 15 ilitaja mizunguko 1,000. Mfanyabiashara anayemaliza chaji nzima kila siku hutimiza 500 kwa miezi kama 16. Joto huharakisha uchakavu, na simu inayochajiwa ndani ya gari juani Dar es Salaam au Mombasa hailingani na ile ya London.

Desemba 2017 Apple ilikiri kuwa ilipunguza kwa makusudi kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Wateja walikasirika, kwani wengi walikuwa wamenunua simu mpya wakidhani ya zamani imekwisha. Kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018.

Matokeo yake yalionekana katika mahesabu. Januari 2, 2019, mkuu wa Apple, Tim Cook, aliwaandikia wenye hisa kuwa mapato ya robo mwaka iliyoishia Desemba 2018 yangekuwa kama dola bilioni 84, badala ya bilioni 89 hadi 93 zilizotarajiwa. Sababu kubwa ilikuwa kudorora kwa soko la China. Lakini miongoni mwa sababu nyingine alitaja wateja waliobadilisha betri kwa bei nafuu. Betri ya dola 29 ilikuwa imepunguza hamu ya kununua simu ya mamia ya dola, na kampuni yenyewe ndiyo iliyosema.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei ya simu mpya, ni vyema kuulizia bei ya betri kwa fundi anayeaminika. Tahadhari iliyopo ni betri bandia, ambazo zimejaa mitaani na nyingine huvimba na kusukuma kioo. Aidha, nafasi ya kuhifadhia ikijaa simu huwa nzito pia, na dawa yake ni kuhamisha video za harusi kwenda kwenye kompyuta.

Mitego ya bei nafuu

Wako ambao kubadilisha ni lazima. Simu iliyokwisha muda wa marekebisho na inayotumika kwa fedha nyingi inafaa kupumzishwa. Mpiga picha wa harusi, au muuza nguo ambaye wateja wake wote hununua kwa kuona picha, hulipwa na kamera na anaweza kuhalalisha gharama. Mwenye simu ya miaka minne au mitano ataona tofauti kubwa katika kila kitu, hata akinunua toleo la mwaka uliopita. Anayenunua kwa sababu ya 5G, ambayo mitandao ya Tanzania na Kenya ilianza kuitoa kibiashara mwaka 2022, athibitishe kwanza kuwa mtaa wake na duka lake vimefikiwa.

Ndugu walioko Marekani hupenda kutuma simu kama zawadi, na hapo kuna jambo la kuangalia. iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya Septemba 2022 hazina tundu la laini ya kawaida. Hutumia laini ya kielektroniki pekee, hivyo ni lazima mtandao wa mpokeaji uwe unatoa huduma hiyo, na anayezoea kuhamisha laini kutoka simu moja kwenda nyingine hataweza. Nyingine hununuliwa kwa mkataba wa kampuni ya simu ya huko na huwa zimefungwa zisipokee mtandao mwingine mpaka deni liishe. Swali hilo liulizwe kabla simu haijapanda ndege.

Kwa anayenunua iliyotumika, aombe kuona afya ya betri katika mipangilio pale inapoonyeshwa, na ahakikishe akaunti ya Google au Apple ya mwenye awali imeondolewa mbele yake. Simu yenye akaunti ya mtu mwingine inaweza kuwa ya wizi, na siku itakapofutwa na kuanzishwa upya itadai nywila ambayo mnunuzi hana.

Tanzania ilizima simu bandia Juni 2016, na waliokuwa wamenunua kwa bei ya kutupa walibaki na vipande vya plastiki. Namba ya IMEI huonekana kwa kubonyeza *#06#, na kwa Tanzania hutumwa kwa ujumbe kwenda 15090, ambako majibu hueleza aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Majibu yakitaja simu tofauti na iliyoko mkononi, fedha zibaki mfukoni. Ukaguzi huo ufanyike muuzaji akiwa bado amesimama mbele ya mteja, kwani baada ya hapo winga hupotea katika umati na risiti, kama ilitolewa, huwa haina jina la duka.