Mji wa magofu juu ya meza: mchezo wenyewe, ujenzi wake, na kwa nini povu lisikatwe kwa moto ndani ya nyumba

Jumamosi mbili zilizopita nilisoma hewani ujumbe wa mama mmoja anayetusikiliza akiwa shambani. "Marahaba mwanangu," aliandika, "maana kila asubuhi nakusikia unatuamkia." Kisha akaeleza shida yake. Kijana wake wa kidato cha kwanza ameona kwenye simu video za Wazungu wanaojenga mji mdogo wa magofu juu ya meza, wenye minara, madaraja na makaburi, halafu wanapanga humo vinyago vya wachawi na wapiga mishale. Sasa na yeye ameanza. Amepata kwa jirani lile povu jeupe la kufungia TV, anapasha spoki ya baiskeli kwenye jiko la mkaa, anakatia povu. Chumba kizima kinanuka. Mama aliuliza mambo mawili: huo ni mchezo gani wenye wachawi, na je, amwache?

Nilicheka, nikajibu: mwache mama, huo ni ubunifu. Nikaweka wimbo. Wimbo haujaisha, fundi mitambo wetu akaingia studio kuniuliza kama ujumbe nimeusoma mpaka mwisho. Sikuwa nimeusoma. Mstari wa mwisho ulisema mdogo wake kijana analala chumba hichohicho, na ana pumu.

Wiki iliyofuata nilirekebisha jibu langu hewani, lakini kwa dakika moja tu kabla ya taarifa ya habari. Wengi mmeuliza zaidi, wengine kuhusu moshi, wengine kuhusu huo mji wenyewe. Haya ndiyo maelezo kamili.

Michezo ya vita ya mezani imekomaa zaidi Uingereza. Mwaka 1913 mwandishi wa riwaya H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni. Mwanzoni milima yake ilikuwa vitabu vinene vya ensaiklopidia vilivyowekwa juu ya zulia. Baadaye akatumia vitalu vya mbao vya watoto na matawi ya vichaka. Kwa hiyo tangu mwanzo watu walijenga kwa walichonacho nyumbani.

Mwaka 1983 kampuni ya Games Workshop, ambayo leo makao yake yako Nottingham, ilitoa mchezo wa Warhammer, wenye majeshi ya kufikirika. Huo unataka vinyago vingi na meza kubwa. Anaouona kijana kwenye simu ni wa aina nyingine: mapambano ya vikosi vidogo, ambapo kila mchezaji ana watu kama kumi tu. Miwili inayojulikana sana ni Mordheim, uliotoka mwaka 1999, na Frostgrave wa Joseph A. McCullough, uliotoka mwaka 2015. Katika Mordheim, mji umepigwa na kimondo na magenge yanagombania mawe ya ajabu yaliyobaki humo. Katika Frostgrave, mji uliofunikwa na barafu kwa karne nyingi unaanza kuyeyuka, na wachawi wanaingia na vikosi vyao kutafuta hazina.

Mama, uchawi wenyewe ni huu: mchezaji anarusha dadu yenye pande 20 na kuangalia kama namba aliyopata inafikia inayotakiwa. Basi. Hakuna kinachoabudiwa wala dua inayosomwa. Ni hadithi, kama zile za majini tulizosimuliwa na bibi, ila hii inachezwa kwa rula.

Na rula ndiyo inayoeleza kwa nini mji unajengwa. Katika bao, mashimo ni yaleyale 32 siku zote, na ujanja wote uko kwenye kete. Kwenye michezo hii uwanja ni nusu ya mchezo. Mtu anatembea kwa inchi zinazopimwa mezani. Katika Frostgrave askari wa kawaida anakwenda inchi 6, na kupanda ukuta kunamgharimu mara mbili ya kutembea chini. Mpiga mishale anafikisha mshale inchi 24. Meza yao ni futi 3 kwa futi 3, yaani inchi 36 kila upande. Piga hesabu mwenyewe: kama meza ni tupu, mpiga mishale akisimama katikati hakuna pa kujificha isipokuwa pembeni kabisa, na mchezo umeisha kabla ya kuanza. Ndiyo maana meza inajazwa kuta. Mchezaji anainama, anaweka jicho nyuma ya kinyago chake, anaangalia: namwona adui au simwoni? Ukuta wa sentimita nne unaweza kuokoa kikosi.

Sasa tuje kwenye ujenzi, na hapa ndipo penye akili kuliko watu wanavyodhani.

Mjenzi anaweza kutengeneza mji wote juu ya ubao mmoja, ukavutia sana. Lakini ubao wa futi 3 kwa 3 utauweka wapi, na jioni meza inatakiwa kwa chakula? Tena ukishaucheza mara tatu unaujua wote, kila mtu anajua mnara upi ni mzuri kwa mishale. Kwa hiyo wanaugawa mji katika vipande vinavyopangwa na kupanguliwa. Vipande 9 vya mraba, kila kimoja futi moja kwa futi moja, vinatimiza meza nzima. Ukivibadilisha nafasi na kuvizungusha, mipangilio inayowezekana ni zaidi ya bilioni 95. Hata ukisema meza nzima ikigeuzwa ni mpangilio uleule, bado inabaki zaidi ya bilioni 23. Mchezo ukiisha, vipande vinalundikwa ndani ya boksi na kusukumwa chini ya kitanda.

Hesabu hiyo ina sharti moja: kipande chochote kikutane na kingine chochote upande wowote. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Barabara lazima itokee katikati kabisa ya upande wa kipande, na upana wake uwe mmoja kwenye vipande vyote. Ikihama hata sentimita moja, barabara inagonga ukuta wa jirani. Unene wa vipande nao uwe sawa, la sivyo kila maungio yana ngazi. Mto ni mgumu zaidi, maana hauwezi kukatika tu katikati ya mji. Wajenzi wengi wanautengenezea vipande vyake peke yake, au wanauacha. Mimi ningeuacha.

Majengo yanawekwa juu ya vipande bila kugundishwa, ili nayo yahamishwe. Kimo cha ghorofa kinafanywa kimoja, kwa mfano inchi 3, ili daraja la mnara huu likae sawasawa pia kwenye mnara ule. Vinyago vingi vya siku hizi ni vya kipimo kinachoitwa milimita 28, kwa maana kwamba mtu mzima kutoka unyayo hadi macho ana urefu wa karibu hivyo, na vingi husimama juu ya kitako cha duara cha milimita 25. Kwa hiyo njia ya juu ya ukuta ikiwa na upana wa milimita 20 ni pambo tu, hakuna atakayesimama hapo. Mjenzi mzuri hutembeza kinyago kila mahali kabla gundi haijakauka.

Wapo wanaotia sumaku pembeni ili vipande vishikane. Hapo napo pana mtego, kwa sababu ukikizungusha kipande, sumaku zinaweza kufukuzana badala ya kuvutana. Dawa yake ni kuweka mbili kila upande na kufuata mpangilio mmoja: ukiutazama upande kutoka nje, kushoto iwe ncha ya kaskazini na kulia ya kusini. Vipande viwili vikitazamana, kushoto kwa kimoja kunakutana na kulia kwa kingine, na sumaku zinavutana daima.

Kuhusu povu. Lile jeupe la kufungia TV limetengenezwa kwa chembe zilizovimbishwa na kubanwa pamoja. Ukilikata linameguka kama bisi, na mawe yake hayatoki vizuri. Wanalotumia wale wa kwenye video ni ubao wa povu lililosongwa, laini na lenye uzito kidogo, ambao kwao unawekwa ndani ya kuta za nyumba kuzuia baridi. Marekani mara nyingi ni wa rangi ya waridi au buluu. Huo unachorwa mistari ya matofali kwa kalamu ya kawaida ya wino, na ukibingirishia juu yake donge la karatasi ya alumini unapata uso wa jiwe lililochakaa. Halafu unapakwa gundi nyeupe iliyochanganywa na rangi nyeusi, iwe ngozi ya kuulinda. Rangi ya kopo la kupuliza ikiguswa na povu tupu inalila, kwa sababu vimiminika vilivyomo ndani yake vinaliyeyusha. Petroli nayo hufanya vivyo hivyo.

Na wanalikata kwa nini? Wengi kwa kisu kikali tu. Wengine kwa waya mwembamba unaopashwa na umeme, na huo ndio kijana wetu aliuiga kwa spoki. Kitu ambacho video haikuonyeshi ni dirisha lililo wazi nyuma ya kamera, au feni inayovuta hewa nje.

Aina zote mbili za povu ni plastiki iitwayo polistirini. Ikipata moto hutoa mvuke wenye stirini, ambayo inawasha macho, pua na koo. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka stirini katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Na spoki haina kipimo kama ule waya wa umeme: inatoka jikoni nyekundu, haiyeyushi tu bali inaunguza. Povu likishika moto kabisa linatoa moshi mweusi mzito wenye hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Jiko la mkaa lenyewe, ndani ya chumba kilichofungwa, linatoa hewa hiyohiyo hata bila povu. Kwa mtu mzima mwenye afya inaweza kuanza kama kichwa kuuma tu, lakini ikizidi inaua. Kwa mtoto mwenye pumu, moshi wa namna hii unaweza kuamsha shambulio usiku huohuo.

Hili ndilo nililopaswa kumwambia mama siku ile. Povu lisikatwe kwa moto ndani ya nyumba, kabisa. Mabaki yasiwashiwe mkaa, najua wengi wetu tunafanya hivyo. Mtoto akianza kukohoa bila kukoma au kupumua kwa shida, mpe dawa yake ya kuvuta kama mliandikiwa, na mkimbize kituo cha afya, msisubiri asubuhi.

Mchezo wenyewe hauhitaji moto. Ule mchezo wa Mordheim niliotaja, boksi lake la mwaka 1999 lilikuja na majengo ya kadibodi. Kwa hiyo anayejenga kwa maboksi ya dukani hafanyi kazi ya kubahatisha. Kata vipande viwili au vitatu vya boksi, vigundishe kimoja juu ya kingine huku mikunjo ya ndani ikipishana, cha chini kwenda mbele na cha juu kwenda pembeni. Hapo havipindi ovyo. Tumia gundi nyeupe ya mafundi seremala. Uji wa unga unashika pia, lakini panya nao wanaupenda. Gundi ya maji ikikauka huvuta kipande upande mmoja, basi paka pande zote mbili na ukigandamize kwa tofali mpaka kesho yake. Kwa kipimo, rula ya shule ya sentimita 30 ni karibu futi moja kamili.

Mawe ya ukuta yapo kwenye trei za mayai: kata vijipande visivyolingana, vipange kama fundi anavyopanga mawe ya msingi. Ukibandua ngozi ya juu ya boksi unabaki na mikunjo, na hiyo ni paa la bati bila kazi nyingine. Mchanga uliochekechwa ukimwagwa juu ya gundi ni barabara. Rangi ya maji ya ukutani inatosha. Anza na nyeusi kila mahali, iache ikauke, kisha chovya brashi kwenye kijivu, ifute kwenye gazeti mpaka iwe karibu kavu, upitishe juu juu tu. Rangi itashika kwenye vichwa vya mawe na kuacha nyufa zikiwa nyeusi. Mara ya kwanza niliyojaribu mwenyewe, jikoni kwangu, nilimwita jirani aje aone.

Juzi mama amenitumia picha. Spoki imerudi kwenye baiskeli, kazi imehamia chini ya mwembe, na vipande vinne vya kadibodi vimekauka. Vitatu vinaungana vizuri. Cha nne barabara yake inaishia ukutani, kwa sababu kijana alipima kutoka ukingo wa kushoto badala ya katikati. Nimemwambia akirudie hicho kimoja tu.