Umehitimu, umepaa majuu? Usitoke kwa grupu

Mbumbuni, kaunti ya Makueni, habari husafiri haraka kuliko bodaboda. Ukipata digrii, soko zima linajua kabla hujafika nyumbani na joho lako. Ukipata viza, mama mboga anajua hata kabla ya shangazi yako. Lakini ukishapanda ndege? Kimya. Mtu akiuliza uko wapi, jibu ni moja tu: "Si yuko majuu."

Wacha nikwambie kwa nini hilo linaniuma. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sikujua wa kumwendea. Miezi minane baadaye, nikiuza kava za simu jijini Nairobi, ndipo nikasikia kwamba jamaa wa kilima cha pili kutoka kwetu, aliyesomea kozi ile ile chuo kile kile, yuko Toronto. Yeye na wenzake watano walikuwa wakichangia karo ya wanafunzi kila muhula. Wao walikuwa wanatafuta wa kusaidia, mimi natafuta msaada. Hakuna aliyekuwa na namba ya mwenzake.

Wazee wetu hawangekubali mambo kama hayo. Ukambani kuna mwethya: leo watu wanakuja kuchimba matuta kwa shamba lako, kesho mnaenda kwa jirani. Mwethya haukuulizi umesoma hadi wapi. Unauliza kama juzi ulikuja.

Na usidhani kusaidiana kusoma ng'ambo kulianza na WhatsApp. Mwaka 1959, Tom Mboya na marafiki zake Marekani walichangisha pesa, na ndege ya kwanza ikabeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Wangari Maathai naye akapaa. Alisomea Atchison, Kansas, kisha Pittsburgh, akarudi nyumbani. Alipata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, na Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Alifariki 2011, na miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Pittsburgh kikamtengea bustani yenye miti miwili. Chuo kinamkumbuka mhitimu wake aliyevuka bahari. Wewe unashindwa kujibu salamu kwa grupu?

Pesa, tunajua kutuma. Mwaka 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Kinachotushinda ni kutuma habari: ufadhili upi umefunguliwa, mji upi kodi yake itakumaliza.

Basi kama unajiandaa kupaa, sikiza.

Jisajili kabla ya kuondoka. Tafuta chama cha wahitimu cha chuo chako na uwape barua pepe yako binafsi, kwa sababu ile ya chuo inaweza kufungwa. Hata laini ya simu isipotumika muda mrefu huzimwa, halafu ikapewa mtu mwingine.

Heshimu saa za wenzako. Mkutano wa saa mbili usiku Nairobi unampata mtu wa Sydney alfajiri akiwa amelala fofofo. Jaribuni saa tisa alasiri: New York ni asubuhi, Sydney bado hawajalala.

Omba kitu kidogo. Usianze na "nitafutie kazi." Anza na "nisomee barua yangu ya maombi." Hilo mtu anaweza kulifanya akiwa kwenye basi akitoka shifti.

Na wewe uliye huko, sema ukweli. Picha za theluji tumeona. Tuambie pia kuhusu kodi ya nyumba, baridi, na ile kazi ya usiku unayoificha mama yako. Aliye nyumbani anapanga maisha kwa kutumia picha zako.

Juzi nilienda nyumbani. Binti wa jirani alikuwa ameitwa chuo kikuu, na mamake alikuwa ameshaanza kuhesabu mbuzi wa kuuza. Nikampa namba ya yule jamaa wa Toronto. Alijibu usiku huo huo, akaitisha barua ya chuo na ya karo.

Mimi bado sijarudi darasani, na sijui kama nitarudi. Lakini mbuzi wa jirani wangali zizini. Namba moja tu ndiyo ilihitajika.

Yako wanayo?