Fahamu: Kwa nini mbwa hukohoa na kuhema ghafla?

Huko Kulesa, kando ya Mto Tana, mbwa ni mlinzi wa boma na shamba. Akianza ghafla kukohoa na kupumua kwa mluzi, usipuuze.

Chanzo ni nini?

Kikohozi kikavu, kama cha aliyekwamwa na mfupa, mara nyingi huletwa na virusi au bakteria aina ya Bordetella. Huenea upesi kati ya mbwa wanaokaa pamoja, na wengi hupona baada ya wiki 2 au 3. Ugonjwa wa distempa ni hatari zaidi: huja na homa, makamasi, kuhara na hata degedege. Hauui mbwa tu: mwaka 1994 uliua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti. Minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu, huleta kikohozi kinachozidi polepole.

Jihadhari na kichaa

Mbwa anayetokwa na udenda, aliyebadilika sauti au asiyeweza kumeza huenda ana kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali mara moja ukachanjwe.

Ufanye nini?

Mbwa anayekohoa mtenge na wengine, kivulini, mbali na moshi, umwekee maji. Usimpe parasetamoli wala ibuprofeni, zinaweza kumuua. Ufizi ukigeuka buluu, mwite daktari wa mifugo bila kuchelewa. Chanjo ya kichaa humkinga mbwa, na humkinga pia mtoto anayecheza naye.