Angguruk, kijiji cha milimani Papua: mwalimu akiondoka, nini hubaki?

Wengi wetu mashariki mwa Kongo tunajua vijiji ambavyo gari haifiki. Mgonjwa hubebwa mabegani kwa machela, mwalimu hungoja mshahara miezi mingi, na mvua ikinyesha sana watu hukaa bila chumvi wala sabuni. Leo tunawaalika tutazame kijiji cha namna hiyo, lakini cha upande mwingine kabisa wa dunia. Kinaitwa Angguruk. Kiko katika milima ya Papua, nchini Indonesia, na wenyeji wake ni Wayali.

Kwa nini tuandike habari za watu wa mbali hivyo? Kwanza, ni ndugu zetu katika ushirika. Kanisa la Kiinjili la Papua, linaloitwa GKI, ni mwanachama wa ushirika wa misheni UEM wenye makao Wuppertal, Ujerumani. CBCA ya Goma ni mwanachama wa ushirika huohuo. Pili, yaliyowapata mwaka 2025 yanafanana sana na yale tunayoyajua sisi.

Mahali penyewe

Papua ni nusu ya magharibi ya kisiwa cha Guinea Mpya, ambacho ni cha pili kwa ukubwa duniani baada ya Greenland. Nusu ya mashariki ni nchi nyingine, Papua Guinea Mpya. Katikati ya kisiwa kuna safu ya milima mirefu. Kilele chake kikubwa, Puncak Jaya, kina mita 4,884. Ndugu zetu wa Beni na Mutwanga wanaoitazama Ruwenzori wataelewa: huko nako kumekuwa na barafu juu ya mlima karibu na ikweta, na huko nako barafu imepungua sana.

Angguruk iko katika wilaya ya Yahukimo, jimbo la Papua Pegunungan, maana yake Papua ya Milimani. Jimbo hilo liliundwa mwaka 2022, na ndilo jimbo pekee la Indonesia lisilogusa bahari. Mji mkubwa ulio karibu ni Wamena, katika bonde la Baliem. Kwa ndege ndogo, safari kutoka Wamena haifiki saa moja. Kwa miguu ni siku kadhaa za kupanda na kushuka, kuvuka mito yenye maji makali na kulala njiani kwenye baridi.

Milima hiyo ndiyo iliyowatenga watu kwa muda mrefu. Wamisionari wa kwanza, Wajerumani wawili, walifika pwani ya Papua tarehe 5 Februari 1855, na hadi leo Wakristo wa Papua huiadhimisha siku hiyo. Lakini ilipita zaidi ya miaka 100 kabla Injili haijafika Angguruk. Mwaka 1961 walikuja mchungaji Mjerumani, Siegfried Zöllner, na daktari Mholanzi, Willem Vriend. Tukumbuke jambo hilo: tangu siku ya kwanza, Neno na tiba vilifika pamoja. Baadaye Biblia ilitafsiriwa katika lugha ya Kiyali.

Shamba ndilo ghala

Chakula cha Wayali, kama cha watu wengi wa milima ile, ni viazi vitamu. Ndicho chakula cha asubuhi na cha jioni, kama ugali wa muhogo kwetu. Wanaume hukata miti, husafisha shamba na kujenga ua wa mbao ili nguruwe wasiingie. Wanawake hupanda, hupalilia na kuvuna. Mazao huyabeba katika noken, mfuko uliosukwa kwa nyuzi za miti, ambao kamba yake hukaa kichwani na mzigo hulala mgongoni. Mama zetu wa Kivu wanaobeba mzigo kwa kamba kwenye paji la uso wataitambua kazi hiyo mara moja. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka noken katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa haraka.

Nguruwe ndiye mali. Hutolewa mahari, na hutolewa pia kuwapatanisha watu waliogombana. Siku ya sherehe, iwe ni arusi, mapatano au sikukuu ya kanisa, watu huchimba shimo na kupasha mawe moto. Kisha hupanga humo majani, viazi, mboga na nyama, na kuvifunika vyote hadi viive kwa joto la mawe. Kila mtu hupata sehemu yake.

Mgeni anaweza kuona haya na kusema kwamba watu hawa hawana shida ya chakula. Ni kweli kwamba katika mwaka mzuri wanajilisha wenyewe. Lakini kiazi kitamu hakiwekwi ghalani kama mahindi au maharagwe. Ghala lake ni udongo: mama huvuna kidogo kidogo kila siku, na huku anapanda kwingine. Huko milimani, kwa sababu ya baridi, kiazi hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kukomaa. Basi jua kali au mvua ya kupita kiasi ikiharibu shamba leo, njaa haiji leo. Huja baada ya miezi, wakati watu wa mbali wameshasahau.

Mwishoni mwa mwaka 2005 zilitoka Yahukimo habari za watu zaidi ya 50 waliokufa kwa njaa. Mwaka 2023, katika wilaya ya Puncak, ukame pamoja na baridi kali viliua mashamba ya Agandugume na Lambewi, ambako milima ni mirefu zaidi, na watu kadhaa walifariki. Msaada ulichelewa kwa sababu njia ni ya angani tu, na tena eneo hilo lina vita.

Moshi, kikohozi na mtoto mdogo

Nyumba ya asili ya Wayali ni ya mviringo, yenye kuta za mbao na paa la majani. Katikati kuna moto. Usiku wa milimani ni baridi, na moto huo ndio blanketi la familia. Lakini nyumba haina dirisha, na moshi hubaki ndani. Macho huwasha, kifua hukohoa, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo. Katika milima ya Papua nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi.

Hapa tueleze jambo moja polepole, kwa maana ndilo kiini cha makala hii. Nimonia ya mtoto mara nyingi hutibika kwa dawa za kawaida za vidonge, zinazogharimu pesa kidogo. Inachohitaji zaidi ya dawa ni mtu: muuguzi wa kumwinua shati mtoto, kuhesabu pumzi zake kwa dakika moja, kutambua kwamba ni nyingi mno, na kuanza dawa siku hiyohiyo. Akiwapo mtu huyo, mtoto hupona nyumbani kwao. Asipokuwapo, kijiji kizima kinategemea ndege.

Kiwanja cha ndege

Katika milima ile, viwanja vingi vya ndege vilichimbwa na wanakijiji wenyewe kwa mikono, kwa vijiti vya kulimia na majembe, mwezi baada ya mwezi. Kwa kuwa uwanda hakuna, kiwanja huwekwa kwenye mteremko. Ndege hutua ikipanda mlima na kuruka ikishuka. Rubani akishakaribia kutua, mara nyingi hawezi kubadili shauri, kwa maana mbele yake kuna mlima. Safari hufanywa asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaziba mabonde na upepo haujaanza. Ndugu zetu wa Bunia na Nyankunde wanaijua vema MAF. Shirika hilohilo linahudumia milima ya Papua tangu miaka ya 1950.

Ndege hupeleka chumvi, sabuni, mafuta, madaftari, dawa na mabati. Hurudi na wagonjwa, wanafunzi na wachungaji wanaokwenda mkutanoni. Kila kilo hulipiwa. Kwa hiyo mfuko wa saruji hugharimu mara nyingi zaidi ya bei yake ya pwani, na mtu anayetaka kujenga shule ya matofali anahesabu kwanza safari za ndege.

Yaliyotokea Machi 2025

Ili tuelewe, turudi nyuma kidogo. Waholanzi waliitawala Papua hadi mwaka 1962, na mwaka 1963 ikawekwa chini ya Indonesia. Mwaka 1969 ilifanyika kura, lakini waliopiga ni watu kama 1,025 tu waliochaguliwa, si wananchi wote. Wapapua wengi hawakuikubali kura hiyo. Tangu miaka ya 1960 wamekuwapo wapiganaji wanaodai uhuru, na jeshi la serikali limekuwa likiwafuata milimani. Mwishoni mwa mwaka 2018 vita vilipowaka Nduga, maelfu kwa maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao. Wengi walikaa Wamena kwa ndugu zao, na watoto wakapoteza masomo.

Tarehe 21 Machi 2025 vita viliifikia Angguruk. Watu wenye silaha waliwashambulia walimu na wauguzi. Mwalimu mmoja, mama aliyekuwa ametoka kisiwa cha mbali kuja kufundisha watoto wa Wayali, aliuawa. Wengine walijeruhiwa, na shule na nyumba za walimu zilichomwa moto. Kundi la wapiganaji lilikubali kwamba lilifanya shambulio hilo, likidai kwamba waliopigwa ni askari waliojificha. Serikali ilikana, ikisema walikuwa walimu na wahudumu wa afya. Siku zilizofuata ndege ziliwaondoa walimu na wauguzi, si Angguruk tu bali hata katika vijiji vingine vya Yahukimo.

Hatuwezi kuhalalisha mauaji hayo. Mtu aliyeshika chaki hana bunduki. Lakini tunapaswa pia kuuliza shuku ile ilitoka wapi. Katika sehemu nyingi za Papua, walimu wanapokosekana, askari hutumwa kufundisha darasani, na wengine hugawa dawa. Huenda nia yao ni njema. Lakini pale askari anapofanya kazi ya mwalimu, mwalimu naye huanza kutazamwa kama askari, na anayelipa ni yule asiye na silaha.

Nini hubaki?

Baada ya ndege ya mwisho, milima haikuhama. Viazi viliendelea kukua na nguruwe waliendelea kulishwa. Waliobaki ni wenyeji wenyewe, pamoja na wachungaji na wazee wa kanisa waliozaliwa humo. Lakini ule mkono wa kuhesabu pumzi za mtoto uliondoka. Mtoto wa darasa la tatu hakuwa na budi kuchagua kati ya kukaa bila shule na kwenda kukaa kwa shangazi Wamena, ambako asingejifunza kulima mlima wa kwao.

Hivyo tumeona kwamba kijiji cha namna hii kinashikiliwa na vitu vitatu: shamba, kiwanja cha ndege, na mtu anayekubali kukaa. Shamba likiharibika, kiwanja huleta msaada. Kiwanja kikifungwa, shamba hulisha watu kwa muda. Lakini mwalimu na muuguzi wakiondoka, hakuna kati ya hivyo viwili kinachoshika nafasi yao. Matofali hujengwa upya kwa mwaka mmoja. Kumpata mwalimu mwingine atakayekubali kulala mahali mwenzake alipouawa ni kazi ya miaka mingi.

Njia mojawapo ya kutokea ni kuwasomesha vijana wa Kiyali wenyewe. Kijana aliyezaliwa pale anaijua lugha, ana shamba na ukoo, na si rahisi kuitwa mpelelezi. Lakini naye ana haki ya mshahara na ulinzi. Tusimwachie mzigo kwa sababu tu ni mwenyeji.

Na sisi je? Katika makutaniko yetu wako walimu wanaofundisha bila mshahara wa kutosha, na wauguzi waliobaki kituoni wakati risasi zinalia. Tunawashukuru kwa maneno siku ya Jumapili. Je, mwalimu wa kijiji chako analala wapi? Nani analima naye shamba lake? Wenye silaha wakipita na kumshuku, nani atasimama na kusema, "Huyu tunamjua"? Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba maumivu ya kiungo kimoja ni ya mwili wote. Kiungo cha Angguruk kiko mbali, lakini maumivu yake tunayatambua, kwa maana yako pia nyumbani kwetu.

Tunaomba makutaniko yakumbuke mambo haya katika maombi ya juma hili:

Familia ya mwalimu aliyeuawa Angguruk, na wenzake waliojeruhiwa.

Watoto wa Wayali, ili wapate tena shule na dawa karibu na nyumbani.

Wachungaji na wazee wa GKI wanaobaki kijijini na kutafuta mapatano.

Marubani wanaoruka kila asubuhi kati ya mawingu na milima, huko Papua na huku kwetu.

Walimu na wauguzi wa vijiji vyetu. Na baada ya kuwaombea, mtu mmoja wa kila kutaniko aende kuwatembelea, awaulize wanahitaji nini.