Ukitaka Kuuza Ekari Mbili, Piga Hesabu ya Kodi Kwanza

Mwezi uliopita kijana mmoja ninayemtembelea karibu na Kitale alinipokea kwa furaha. Alikuwa amepata mnunuzi wa ekari mbili kati ya kumi zake, milioni 5 taslimu. Mpango wake ulikuwa tayari: zizi la kisasa, ng'ombe wa maziwa, na mashine ya kukata majani. Kila shilingi ilikuwa na kazi yake.

Nikamuuliza, "Na kodi?"

Akacheka. "Afisa, shamba halitozwi kodi bwana. Hiyo ni ya maploti ya mjini."

Hapo ndipo vijana wengi wanapoteleza, kwa sababu maneno hayo ni kweli nusu. Sheria ya Kenya inasamehe kodi ya faida ya mtaji kwa shamba la kilimo lisilofika ekari 50, lakini liwe nje ya manispaa na nje ya miji iliyotangazwa rasmi. Ardhi inayouzwa kwa bei isiyozidi milioni 3 pia imesamehewa. Na misamaha hiyo ni ya mtu binafsi. Kama uliandikisha shamba kwa jina la kampuni yako, usiihesabu.

Tulipoenda kuuliza, tukakuta shamba lake limo ndani ya mpaka wa manispaa. Mahindi yanaota pale kila msimu, lakini mpaka haujali mahindi.

Sasa hesabu. Kodi hii hutozwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Iliporudishwa mwaka 2015 ilikuwa 5%. Tangu Januari 2023 ni 15%. Yeye alinunua ekari kumi kwa milioni 8. Kwa kuwa anauza sehemu tu, hawezi kutoa gharama ya shamba zima. Anatoa fungu la ekari mbili, yaani milioni 1.6. Hapo anaongeza ua aliojenga kwenye kipande hicho, 150,000, na malipo ya wakili, mpimaji na wakala, 250,000. Jumla ni milioni 2. Faida ni milioni 3, na kodi ni shilingi 450,000.

Nikamwuliza risiti ziko wapi. Kimya. Bila risiti za hizo 400,000, faida inapanda hadi milioni 3.4 na kodi inakuwa 510,000. Elfu 60 zimeenda kwa sababu ya karatasi! Mbolea ya msimu ingenunuliwa hapo.

Bahati yake, hakuwa ametia sahihi bado. Alirudi kwa mnunuzi wakajadili bei upya, na orodha ya ng'ombe ikapunguzwa kidogo. Angeshalipia zizi lote kwanza, angeenda kukopa ili alipe kodi.

Kwa hivyo, mkulima mwenzangu, kabla hujakubali bei fanya haya:

1. Uliza ofisi ya ardhi ya kaunti kama shamba lako liko ndani ya manispaa. Usitegemee macho. Mipaka ya miji imesogea sana tangu ugatuzi.

2. Tafuta mkataba ulionunulia na risiti za kila ulichojenga. Weka faili moja, na picha kwenye simu.

3. Kumbuka nani analipa nini. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: 4% mjini, 2% mashambani. Kodi ya faida ni yako wewe muuzaji, hata mnunuzi akikuambia "tutaelewana."

4. Jaza fomu kwenye iTax na ulipe kabla umiliki haujahamishwa. Mhasibu au wakili akague hesabu, maana kila shamba lina historia yake.

Kuuza kipande ili uinue kilichobaki si kosa. Mimi nimeona mashamba yakifufuka hivyo. Lakini ekari ikishatoka hairudi, kwa hivyo jua mapema ni pesa ngapi zitakazobaki mfukoni.