Tumbo Linauma, Vipimo Havioni Kitu

Katika vijiji vyetu vya Musoma, Bunda na Butiama wapo watu wanaosumbuliwa na tumbo kwa miezi, hata miaka. Tumbo linajaa gesi na linanyonga. Choo kinafunga siku nne, kisha mtu anahara. Akienda zahanati, anapimwa, anaambiwa: "Hatuoni ugonjwa." Anarudi nyumbani na mashaka. Majirani wanasema eti amelogwa. Wengine wanamshauri ameze Flagyl, au dawa ya minyoo, au dawa kali ya kuharisha. Fedha zinakwisha, tumbo liko pale pale.

Mtu huyo hajifanyi. Maumivu yake ni ya kweli. Huenda kilichoharibika ni mwendo wa tumbo.

MWENDO WA TUMBO NI NINI?

Chakula hakishuki chenyewe kama jiwe kisimani. Utumbo una misuli. Misuli hiyo inabana na kulegea kwa zamu, kama vidole vya mtu anayekamua ng'ombe. Ndivyo chakula kinavyosukumwa. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, na utumbo mpana mita 1 na nusu. Kwa kawaida safari yote huchukua siku 1 hadi 3.

Utumbo ukisukuma haraka mno, maji hayawahi kufyonzwa, mtu anahara. Ukisukuma polepole mno, maji yanafyonzwa sana, choo kinakuwa kigumu. Ukibana ovyo, tumbo linanyonga. Tena utumbo una mishipa yake ya fahamu, ambayo hupelekeana habari na ubongo. Ndiyo maana mtu mwenye hofu au majonzi tumbo humchafuka. Basi, darubini ya zahanati huona mayai ya minyoo. Mwendo haiuoni.

KWANZA TUPIME MAGONJWA MENGINE

Tusikimbilie kusema ni mwendo tu. Tuchukue mfano wa mvuvi wa Musoma. Kila siku anaingia ziwani. Tumbo linamuuma na anahara. Huyu anaweza kuwa na kichocho cha tumbo, ambacho kipo kandokando ya Ziwa Viktoria. Choo kikipimwa mara moja tu, mayai yanaweza yasionekane. Apime tena siku nyingine. Kichocho kina dawa yake, nayo ni prazikwanteli.

Ukiona dalili hizi usingoje, nenda hospitali:
– damu katika choo, au choo cheusi kama lami;
– kukonda bila sababu;
– homa, au kupungukiwa damu;
– kutapika mfululizo;
– maumivu au kuhara kunakokuamsha usiku;
– tumbo kuvimba, huku hewa wala choo havitoki;
– tumbo lililoanza kusumbua ukiwa na miaka zaidi ya 50.

DAFTARI NI KIPIMO

Kama dalili hizo hazipo, daktari atatambuaje? Atakuuliza maswali. Madaktari wa nchi nyingi hutumia Kanuni za Roma, zilizorekebishwa mwaka 2016. Wanataka kujua: Je, tumbo linauma angalau siku 1 kila wiki kwa miezi 3 iliyopita? Je, lilianza miezi 6 iliyopita au zaidi? Je, maumivu yanakuja pamoja na kwenda choo, au choo kubadilika?

Nani anayakumbuka yote hayo kichwani? Lakini sisi tunajua kuandika. Chukua daftari. Kila jioni andika tarehe, ulichokula, tumbo liliumaje, na choo kilikuwaje. Fanya hivyo kwa wiki 4, kisha mpelekee daktari.

Tuseme mkulima wa Bunda ameandika hivyo. Akisoma daftari lake anaona: siku za kunywa maziwa mabichi amehara, siku za maziwa ya mgando hakuhara. Watu wazima wengi hawawezi kusaga sukari iliyo katika maziwa. Kumbe dawa yake ni kubadili kinywaji.

TIBA YAKE

Tuseme mama wa Butiama anapata choo mara 1 kwa wiki, tena kigumu. Kwa kawaida mtu hupata choo kuanzia mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa wiki. Mama huyu ale dona badala ya sembe, mboga za majani na papai. Aongeze vyakula hivyo kidogo kidogo, maana vikizidi ghafla vinaleta gesi. Anywe maji ya kutosha. Aende chooni asubuhi baada ya kula, na asizuie haja ikija.

Mwenye kujaa gesi ale kidogo kidogo, mara kwa mara, na apunguze maharage kama daftari linaonyesha ndiyo yanayomsumbua. Kutembea husaidia. Kupunguza wasiwasi husaidia pia. Zipo dawa za kulegeza misuli ya utumbo na za kulainisha choo, lakini mganga wa zahanati ndiye wa kuzitoa. Kumeza Flagyl bila kupimwa hakurekebishi mwendo wa tumbo.

Tatizo hili linaweza kukaa muda mrefu, na kurudi. Hata hivyo haliui, na linatulizwa.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini kupima choo mara moja hakutoshi?
2. Taja dalili tatu za hatari.
3. Leo jioni utaandika nini katika daftari lako?