MALI BILA DAFTARI: WAPATANISHI WA 1997 NA IMANI KWA SERIKALI

Keti barazani na wazee hapa Mwakirunge, kisha taja neno "serikali". Hutakosa kusikia mtu akiguna, "Aa, hao ni wale wale!" Mguno huo haukuzuka vivi hivi. Makala haya yanaeleza chanzo chake kimoja.

Mwaka 1997 Wakenya walidai katiba irekebishwe kabla ya uchaguzi. Julai 7, siku ya Saba Saba, polisi waliwatwanga waandamanaji hata ndani ya kanisa la All Saints, Nairobi. Agosti 13, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na watu wengi wenye asili ya bara wakahama Pwani. Nchi ilikuwa ikitokota.

Hapo ndipo wabunge wa msimamo wa kati, wa KANU na wa upinzani, walipoketi meza moja. Kundi lao likaitwa IPPG. Wenye siasa kali hawakufurahi. Wakereketwa wa KANU waliona chama kimelegea, nao wanaharakati wakaona wananchi wameuzwa kwa bei ya kutupa. Hata hivyo, matunda yalionekana. Leseni ya mkutano wa hadhara iliondolewa, ikawa kuwapa polisi taarifa kunatosha. Nguvu za chifu zilipunguzwa. Upinzani nao ukapendekeza makamishna 10 katika Tume ya Uchaguzi.

Lakini palikuwa na ufa. Desturi ya kushauriana na vyama kabla ya kuteua makamishna ilibaki ahadi ya kiungwana tu, haikuandikwa katika sheria. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2007 Rais Kibaki aliteua makamishna bila kushauriana na upinzani. Desemba, matokeo yalipotangazwa, wengi hawakumwamini mtangazaji. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia zilizofuata.

Je, ni sisi tu? La hasha! Kule Marekani, mwaka 1958, watu kama 7 kati ya 10 walisema wanaiamini serikali yao kuu. Vikaja Vita vya Vietnam, ikaja na kashfa ya Watergate iliyomfanya Rais Nixon ajiuzulu mwaka 1974. Miaka ya karibuni wanaoiamini ni kama 2 kati ya 10. Imani hupanda ngazi ikijivuta, lakini kushuka hushuka kama nazi.

Basi wengine husema eti msimamo wa kati ni woga. Mimi nasema sivyo. Aliyekaa na hasimu wake akakubali nusu mkate huenda ameokoa maisha. Kosa ni kuuacha mkate huo bila mlinzi. Katiba ya 2010 iliiandika tume huru ya uchaguzi katika kifungu cha 88. Hata hivyo mwaka 2022 makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo ya urais. Maandishi pekee hayatoshi. Yanataka watu wa kuyasoma na kuyadai.

Kwa hivyo, wenzangu, kutilia shaka si dhambi. Dhambi ni kuguna kisha kulala. Kukiitishwa kikao cha maoni ya wananchi, twende, tuulize limeandikwa wapi, na nani atalitekeleza. Ahadi ni deni, na deni huandikwa.